Nasaba na Silsila: Twarika Katika Nyumba Zetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Masheikh zetu na makhalifa, baba zangu na mama zangu, wageni wetu mliotoka Tabora, Ujiji, Tanga na Unguja, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango: Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa usiku huu wa kuamkia ziara nizungumze juu ya uhusiano wa familia zetu na twarika, yaani njia za kisufi. Nimelipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu naona jambo lenyewe siku hizi linasemwa kwa namna mbili ambazo zote zinatupunja. Wapo wanaolisema kwa majivuno ya ukoo, kwamba sisi ni wajukuu wa fulani na baraka iko kwetu hata tusipofungua msahafu mwezi mzima. Wapo pia wanaolichukua kama habari za wazee, za kusikilizwa kwa adabu na kuachwa pale pale zilipotajwa. Mimi nina neno moja tu, na mengine yote nitakayoyataja yatakuwa ya kulieleza hilo: hapa pwani, na katika njia za bara zilizoungana nayo, twarika ilipata makao katika nyumba nyingi za watu ambao nasaba yao ilikuwa imekatwa. Watu hao iliwapa silsila, yaani kamba ya majina ya masheikh waliopokea njia mmoja kutoka kwa mwingine. Kwa hiyo anayeigeuza twarika kuwa fahari ya damu anaubomoa msingi uleule ambao babu zake waliujenga kwa tabu.

Hapa Bagamoyo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye sote tunamjua kwa jina la Sheikh Ramiya, asili yake ni Manyema, mashariki ya nchi ambayo leo ni Kongo. Aliletwa pwani akiwa mtoto, tena mtumwa, akaingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lemki, Mwomani tajiri wa mji huu. Akakulia humo, akafanya biashara ya samaki, akasoma kwa wanavyuoni waliokuwapo mjini, akapata mashamba ya minazi, akafungua madrasa, na alipofariki dunia mwaka 1931 alikuwa mmoja wa makhalifa, yaani wawakilishi, wakubwa wa twarika ya Qadiriyya katika Tanganyika. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, ndiye aliyeshika baada yake. Tukiulizana nasaba ya Sheikh Ramiya kwa ile desturi ya zamani ya waungwana wa pwani, ya kutaja baba, babu na babu wa babu mpaka ufike bandari ya Uarabuni au Uajemi, tutakwama mapema sana, kwa kuwa bin Abdallah ni jina ambalo watu wengi wasiojua baba zao waliandikiwa. Lakini tukimwuliza silsila yake, tutatajiwa jina kwa jina hadi Baghdad kwa Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki mwaka 1166, na kutoka hapo hadi kwa Sayyidna Ali na hadi kwa Mtume, sala na salamu zimshukie.

Tuzingatie pia wakati wenyewe. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873. Utumwa ukafutwa katika sheria ya Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Ndani ya miaka hiyo hiyo ndipo zikri, kulitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa pamoja, ilipoenea katika miji yetu kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana kabla yake. Sheikh Uways bin Muhammad, mzaliwa wa Barawa, Somalia, mwaka 1847, alikwenda Baghdad akapewa ijaza, yaani ruhusa ya kuifundisha njia, akarudi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1880, akawa anafika Unguja ambako Sayyid Barghash alimpokea kwa heshima, na kutoka mikononi mwake wakatoka makhalifa walioieneza Qadiriyya huku na huku. Katika wakati huo huo Sayyid Muhammad al-Maaruf wa Ngazija, aliyeishi kati ya mwaka 1853 na 1905, aliieneza twarika ya Shadhiliyya katika visiwa vya Komoro na nje yake, na kule Kilwa Sheikh Hussein bin Mahmoud akaifanya njia hiyo kuwa ya watu wengi wa kusini.

Kijana mmoja aliniuliza mchana huu kwa nini watu walioachwa huru hawakutosheka na msikiti. Ni swali la haki. Msikitini safu ni moja, hilo halina ubishi, lakini baada ya salamu ya mwisho watu walikuwa wakitoka nje na kurudi kwenye daraja zao. Nani ataposa kwa nani, nani atakaa mbele kwenye karamu, nani atafundishwa elimu zaidi ya zile sura fupi za kuswalia. Hayo yaliamuliwa kwa kuulizana mtu ni wa nani. Twarika ilimpa mtu jibu la swali hilo. Mwenye kutaka kuingia alitia udhu, akakaa mbele ya sheikh magoti yakigusana, akampa mkono wa kulia, ikasomwa ile aya ya Suratul Fat-h isemayo kwamba wale wanaofungamana na Mtume kwa hakika wanafungamana na Mwenyezi Mungu, na mkono wa Mwenyezi Mungu uko juu ya mikono yao. Kisha sheikh akamtamkia kalima, naye akaifuata. Akiondoka pale, aliyekuwa mtu wa kuitwa kijana wa bwana fulani alikuwa sasa ni muridi, yaani mwanafunzi, wa sheikh fulani, ambaye ni muridi wa fulani, na kamba hiyo haina mwungwana wala mtumwa ndani yake.

Tena, ndugu zangu, tukiitazama silsila yenyewe ya Qadiriyya, tutaona kwamba jambo hili halikuanza Bagamoyo. Karibu na chanzo chake, baada tu ya Sayyidna Ali, katika njia moja ya upokezi yumo Hassan al-Basri, aliyefariki mwaka 110 Hijria, sawa na mwaka 728. Baba yake alikuwa mateka wa vita vya Iraki aliyeachwa huru. Baada ya Hassan anafuata Habib al-Ajami, Mwajemi wa Basra. Mbele kidogo yumo Maaruf al-Karkhi wa Baghdad, ambaye masimulizi yanasema wazazi wake walikuwa Wakristo. Anayefuata ni Sari as-Saqati, aliyeanza kama mfanyabiashara wa sokoni, naye ndiye aliyemlea Junaid al-Baghdadi. Junaid alikuwa mtoto wa dada yake Sari. Hapo damu na mafundisho vimekutana, na hakuna ubaya wowote. Mjomba kumfundisha mpwa wake ni jambo jema kabisa. Lakini Junaid hakuandikwa katika silsila kwa sababu ya mama yake. Aliandikwa kwa sababu alisoma, akafanya, akaruhusiwa.

Naomba mniruhusu sasa nitaje nyumba yetu, kwa kuwa nimeombwa niseme ya familia na siwezi kuyasema ya familia za watu wengine na kuificha yangu. Babu yake babu yangu aliletwa kwa njia ya misafara, Ujiji hadi Tabora hadi hapa. Hakuna mtu nyumbani kwetu anayejua jina la baba yake, wala kijiji alikotoka. Alijua maneno machache ya lugha ya kwao, naye hakuwafundisha watoto wake. Ametuachia karatasi moja. Inakaa katika kasha la bibi yangu mzaa baba, imekunjwa ndani ya kitambaa cheupe pamoja na vipande vya udi ili wadudu wasiikaribie. Ni karatasi tatu zilizogundishwa kwa uji wa ngano zikawa moja ndefu, na wino wake umegeuka rangi ya kahawia. Majina yameshuka kutoka juu hadi chini, kila jina na dua yake ya rehema, na mwandishi aliyaandika majina ya juu kwa hati kubwa iliyotulia, halafu akazidi kuyabana jinsi nafasi ilivyompungukia, mpaka jina la mwisho kabisa, la babu yetu, limeandikwa ubavuni kwa kupinda, kwa kuwa chini hapakubaki mahali. Pale ambapo wengine wametajiwa baba na babu, yeye ametajwa kwa jina lake moja na mji wake: wa Bagamoyo.

Nilipokuwa binti mdogo niliona haya kwa ajili ya jina hilo fupi. Shuleni walikuwapo watoto waliokuwa wakihesabu babu zao mpaka pumzi inawaishia. Bibi hakunikemea. Aliikunjua karatasi juu ya mkeka, akanishika kidole, akanipitisha juu ya majina yote tangu la juu, na alipofika ubavuni akasema, «Na huyu ni wetu. Wote hawa walikuwa wanakuja kwake.» Sijapata kusikia sherehe ya silsila iliyo bora kuliko hiyo, na nimekaa katika darsa nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zetu wa Ujiji na Tabora wanalijua vizuri zaidi kuliko sisi. Njia ileile iliyowaleta watu pwani wakiwa na minyororo shingoni ndiyo iliyoirudisha zikri bara. Makhalifa, waalimu na wachuuzi walipanda nayo hadi Tabora, hadi Ujiji, na kutoka ziwani ikavuka kwenda Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki, katika vitongoji vya Waswahili ambako hadi leo maulidi husomwa na zikri hufanywa. Watawala wa kikoloni hawakupendezwa na jambo hilo. Mwaka 1908 ilipoenea ile barua iliyosemekana imetoka Makka, ikasomwa Lindi na miji mingine ya pwani, Wajerumani waliingiwa na hofu kubwa kwa kuwa Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu kabla yake, na wakaitazama kila halka ya zikri kama mkutano wa uasi. Hawakuelewa kwamba watu waliopoteza ndugu, mashamba na machifu wao walikuwa na sababu nyingine za kukusanyika usiku na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa pamoja.

Sasa, mtu wa Alawiyya anaweza kunipinga hapa, na pengine yumo humu. Atasema: kwetu nasaba na silsila vimekwenda pamoja, njia yetu ni ya masharifu wa Hadhramaut, baba amemfundisha mwana tangu Tarim hadi Lamu na Unguja. Ni kweli, nami nawaheshimu kwa hilo. Ratibu, yaani ule mpangilio wa dua na zikri ambao wengi wetu tunausoma usiku, hata sisi tusio wa Alawiyya, ni ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyezaliwa mwaka 1634 na kufariki mwaka 1720, mtu aliyepofuka macho tangu utotoni na bado akaelekeza watu wengi ambao hakuwaona. Lakini tumtazame Habib Saleh wa Lamu. Huyu alikuwa sharifu wa ukoo wa Jamalilleil, mzaliwa wa Komoro, mwenye nasaba ambayo hakuna mtu angethubutu kuihoji. Angeweza kukaa barazani na wakubwa wa mji. Alichofanya ni kuwafundisha watu wa mtaa wa Langoni, watumwa na wale walioachwa huru, wageni wasio na jina, ambao hawakuwa wakifikiriwa kuwa watu wa kusomeshwa tafsiri na fiqhi. Akawaingiza katika maulidi kwa dufu na kwa sauti zao. Msikiti wa Riyadha na maulidi ya Lamu yanayowavuta wageni kutoka pembe zote za pwani vimetokana na uamuzi huo wa mtu mmoja mwenye nasaba kutojificha nyuma ya nasaba yake. Na hata wanavyuoni wakubwa wa Unguja wa zama hizo, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote wawili mwaka 1925, walikuwa mmoja sharifu na mwingine si sharifu, na urafiki wao wa elimu haukupimwa kwa mizani hiyo.

Nije kwa mama zangu, maana hapa ndipo hotuba nyingi hupita mbio. Karatasi za ijaza zina majina ya wanaume, lakini nyumbani aliyetia twarika katika vinywa vya watoto ni mwanamke. Ratibu niliijua kabla sijajua kusoma herufi hata moja, kwa sababu bibi aliisoma baada ya Isha akiwa amejinyoosha miguu ukumbini, tasbihi mkononi, nasi watoto tukiitikia. Na alikuwa na desturi ya kushusha sauti kidogo pale idadi inapokaribia kutimia, hata mtoto aliyekuwa anasinzia alijua kwamba sasa tunahamia dua nyingine. Siku za maulidi yeye ndiye aliyekuwa akijua ni nani wa kualikwa, ni nani amefiwa na asikose sahani yake, kiasi gani cha mchele, na mrashi uko wapi kwa ajili ya kiyamu, pale watu wanaposimama kumswalia Mtume. Mkitaka mfano mkubwa zaidi ya bibi wa mtu mmoja, yupo Dada Masiti wa Barawa, aliyechukuliwa kwao akiwa msichana akapelekwa Unguja, akaishi miaka ya dhiki, akarudishwa Barawa na jamaa zake, na katika uzee wake akawa mtu wa Qadiriyya na mshairi wa Chimwini, Kiswahili cha Barawa, ambaye tenzi zake za kumtaja Mwenyezi Mungu na kuikumbusha mauti bado ziko vinywani mwa watu wa mji ule hata huko ughaibuni walikotawanyika. Mwanamke aliyechukuliwa mtoto, na akawafundisha wazee.

Vijana wengine, hasa mnaosoma vyuo vikuu, mmeniletea maswali juu ya wasomi wa Ulaya waliofuata usufi na hekima ya wahenga, na mmesoma maandishi yao kwenye simu kabla ya kusoma historia ya zawia zetu, yaani nyumba zetu za zikri. Sina ubaya na hilo. Mfaransa René Guénon, aliyezaliwa mwaka 1886, aliingia Shadhiliyya kupitia kwa mchoraji wa Uswidi, Ivan Aguéli, ambaye naye aliipokea kwa Sheikh Abdurrahman Ilaish wa Misri. Mwaka 1930 Guénon alihamia Cairo, akaishi huko kama Sheikh Abdulwahid Yahya, akaoa, akazaa watoto, na akafia huko mwaka 1951. Mwingereza Martin Lings, aliyefariki mwaka 2005, alikaa naye Cairo, na baadaye akawa mtunzaji wa hati za Mashariki katika makumbusho ya taifa jijini London. Sikubaliani na kila walilolisema watu wa mkondo huo. Masheikh zetu hawakuitenganisha hakika na sharia, wala hawakuzisawazisha dini zote kwa namna ambayo baadhi yao wamefanya. Lakini nawaombeni mlione jambo moja ambalo Guénon alilishikilia hadi mwisho: kwamba hakuna mtu anayeingia njia hii peke yake kwa kusoma vitabu, na kwamba lazima apokee kutoka kwa aliyepokea. Mtu huyu alikuwa na akili kali na maktaba kubwa, na bado alikubali kuwa mwisho wa kamba kama babu yetu aliyeandikwa ubavuni mwa karatasi. Nanyi mmezaliwa nyumba ya pili kutoka zawia.

Tena tulikuwa na mtu wetu aliyejua pande zote mbili. Sayyid Omar Abdallah, maarufu kwa jina la Mwinyi Baraka, alizaliwa Unguja mwaka 1918, akaongoza Muslim Academy, akasoma Oxford, na mpaka alipofariki mwaka 1988 alikuwa akizungumza na profesa na muuza kahawa kwa heshima ile ile moja. Waliomsikia wanasimulia kwamba hakuwa na haja ya kuacha hata kitu kimoja cha njia ya wazee wake ili aheshimiwe na wasomi.

Sasa nifike kwenye jambo zito, ambalo linaumiza familia nyingi zilizokaa humu, ikiwemo yangu. Kaka yangu alikwenda kusoma dini nje ya nchi, na aliporudi alisema kwamba hauli ya babu, yaani kisomo cha kila mwaka cha kumkumbuka, ni bidaa, kwamba kusimama kwenye kiyamu hakufai, na kwamba ile karatasi ya bibi haina maana yoyote mbele ya Mwenyezi Mungu. Bibi alikuwa bado hai. Hakumjibu kwa neno. Aliendelea kumtilia chai yake na kumwombea dua kama kawaida, lakini sisi wengine tuliondoleana heshima kwa maneno ambayo hayakupaswa kusemwa mbele ya mtu mzima kama yule. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na nataka kuwa mwadilifu. Ukosoaji huu si mgeni, wala hauletwi na watu wasiojua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliandika dhidi ya mila alizoziona hazina asili, na mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mfasiri wa Qurani na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, akafuata njia hiyo. Lakini ni Sheikh Farsy huyo huyo aliyekaa chini akaandika maisha ya masheikh wa pwani yetu, walimu wao, wanafunzi wao na tarehe zao za kufariki, wakiwemo masufi wengi, na bila kalamu yake tungekuwa tumepoteza sehemu kubwa ya habari ninazowasimulia usiku huu. Alikosoa alichoona ni kosa, na akaitunza heshima ya waliomtangulia. Hiyo ndiyo adabu ninayomtakia kaka yangu, na ninayoitaka kwetu sisi pia.

Maana yapo tunayoambiwa ambayo ni kweli. Wapo wanaojiita makhalifa ambao hawana ijaza ya mtu yeyote, wanaandika hirizi kwa bei, wanatoza fedha kwa waliofiwa, na wanawatisha wajane kwa majini. Zipo zawia ambazo baada ya sheikh kufariki watoto wake wamegawana michango kama wanavyogawana nyumba, na mwanafunzi aliyesoma miaka mingi akaachwa mlangoni kwa sababu jina la baba yake si hilo linalotakiwa. Hapo hasa ndipo tunaposaliti asili yetu. Mtoto wa sheikh akisoma na kuruhusiwa, karibu, ana haki yake na ana mapenzi yetu zaidi kwa ajili ya baba yake. Asiposoma, ana haki ya mirathi ya mashamba na nyumba kwa mujibu wa sharia, na si zaidi ya hapo. Wala tusijidanganye kwamba ugomvi wetu mkubwa uko na watu wa nje tu. Sheikh Uways mwenyewe aliuawa mwaka 1909 huko Biyoley, na waliomwua walikuwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdallah Hassan, ambaye naye alikuwa mtu wa twarika, wa Salihiyya.

Kaka yangu alikuja kwenye mazishi ya bibi. Alimswalia, akaingia kaburini kumpokea pamoja nasi, na usiku wa khitma alikaa barazani nje wakati sisi tuko ndani. Nilimpelekea kahawa na halwa, akapokea, tukazungumza habari za watoto. Hivyo ndivyo tunavyoishi hadi sasa, na sitaki kuwaambia kwamba ni vyepesi. Ninachowaomba wenye nyumba zinazofanana na yetu ni kwamba mlango wa ndani usifungwe na yule aliye barazani asifukuzwe.

Yamebaki ya utendaji, nayo ni ya kesho asubuhi. Baada ya swala ya Alfajiri na wirdi, kabla msafara wa ziara haujaondoka, watakuwapo vijana wawili katika chumba cha madrasa wenye kamera na meza safi. Mwenye ijaza, silsila, barua ya sheikh au daftari la kasida la bibi yake ailete. Atakaa nayo mwenyewe mkononi wakati inapigwa picha, na itarudi naye nyumbani. Hakuna atakayeombwa kuiacha. Wenye hati zilizoliwa na mchwa wasione haya, na tafadhali msizibandike kwa gundi ya plastiki wala kuzitia ndani ya nailoni, kwa kuwa unyevu wa huku pwani unaziozesha humo. Kitambaa cha pamba kinatosha. Kwa upande wa kina mama tumeandaa mahali pa kurekodi sauti, na namtaka kila kijana aliye na bibi anayejua ratibu, dua za kisomo au zile kasida za Kiswahili ambazo hazijaandikwa popote, amlete na akae naye aulize maneno asiyoyaelewa. Karatasi yetu nimekuja nayo pia, na itakuwa ya kwanza mezani ili nyinyi wengine msisite.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.